Wiki ya mwisho kabla ya jukwaa: nina kilo 76.8, nikate maji na chumvi niingie kundi la 75?

Mtunisha_Sengerema

Wakuu, habari za jioni. Makocha mliomo humu, shikamooni.

Jumamosi ijayo napanda jukwaani Mwanza mjini, kutunisha misuli kwenyewe, siyo kundi la kaptula. Umri miaka 27, urefu sentimita 171. Leo asubuhi, baada ya msalani na kabla ya kula, mizani imesoma kilo 76.8. Tumbo limekatika, mistari ya paja la mbele inaonekana hata nikiwa nimesimama tu, ila mgongo wa chini na makalio bado havijakauka vizuri. Kwa siku nakula wanga gramu 150, protini 170, mafuta 45. Maji lita 4. Chumvi naipima, kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima.

Makundi yaliyo karibu nami ni hadi 75 na hadi 80. Mizani ni Ijumaa saa kumi jioni, jukwaa limeandikwa Jumamosi saa nane mchana.

Mpango niliopewa jimu uko hivi: kuanzia Jumatatu chumvi sifuri. Alhamisi jioni nafunga maji, kuanzia hapo ni kulowesha mdomo tu. Ijumaa asubuhi kidonge cha kukojoza cha Lasix, Jumamosi asubuhi kingine. Wanga sifuri mpaka mizani, halafu Ijumaa jioni nakula chochote, chipsi, maandazi, soda. Naambiwa 75 naingia na ngozi itakuwa karatasi.

Naomba wenye uzoefu mnieleze: mpango huu una kasoro gani, na kama una kasoro, nifanye nini siku kwa siku? Natokea Sengerema, Ijumaa na Jumamosi nitalala gesti mjini na hakuna jiko.

---

Kocha_Nyakato

Marahaba. Mpango huo uache wote, na nitakueleza kwa nini, usije ukarudi jimu Jumatatu wakakugeuza tena.

Anza na maji. Msuli karibu robo tatu yake ni maji. Ukiacha kunywa, mwili hautoi maji ya chini ya ngozi peke yake ukakubakizia ya ndani ya msuli. Unatoa kote, na damu inapungua mapema. Damu ikishapungua, hata uvute mpira nusu saa nyuma ya jukwaa msuli haujai na mishipa haitoki. Mtu aliyekuwa amejaa Jumatano anapanda Jumamosi amenywea, kisha anadhani alikosea chakula.

Kuna jambo la pili kwenye maji hayohayo. Wanga unaohifadhiwa kwenye msuli, yaani glaikojeni, kila gramu yake hukaa na takriban gramu tatu za maji. Ukitaka kuongeza gramu 400 za glaikojeni unahitaji lita moja na ushee ya kwenda nayo. Wewe umefunga maji Alhamisi, unaanza kula Ijumaa jioni. Hayo maji yatatoka wapi? Chakula kitalala tumboni, kiu itakutesa, na tumbo litatoka mbele kuliko kifua.

Chumvi nayo: sukari huvuka ukuta wa utumbo mwembamba ikiwa pamoja na sodiamu, kwa hiyo ukiwa huna chumvi hata wanga unachelewa kuingia. Tena ukiikata ghafla, homoni ya aldosteroni inapanda na kuziambia figo zibane kila sodiamu iliyobaki. Ijumaa jioni unaingiza chipsi zenye chumvi wakati homoni hiyo iko juu, basi chumvi yote inabaki ndani na maji yanabaki nayo. Ndiyo maana wengi wanaofuata mpango huo huonekana wazuri Jumatatu baada ya mashindano kuliko Jumamosi yenyewe. Baki na kijiko chako kimoja, kigawe kwenye milo yote, mpaka Jumamosi. Maji lita 4 mpaka Ijumaa usiku.

Na kile unachokiita maji kwenye mgongo wa chini na makalio ni mafuta, mkuu. Siku saba haziyaondoi. Ukiongeza kadio sasa utachosha miguu bure. Ulichonacho ndicho utakachopanda nacho, na kazi ya wiki hii ni kuhakikisha majaji wanakiona chote.

Sasa siku kwa siku. Kesho Jumapili, Jumatatu na Jumanne wanga ushuke hadi gramu 90, protini na mafuta vilevile. Mazoezi ya siku hizo tatu yaguse kila msuli, kwa sababu glaikojeni haihami: iliyomo pajani haitoki ikaenda begani, na msuli ambao haukufanya kazi haupokei mwingi siku ya kujaza. Miguu iwe kesho, na baada ya hapo usiiguse tena mpaka mashindano yaishe. Jumatatu kifua na mgongo, Jumanne mabega, mikono na mgongo wa juu. Seti tatu hadi nne kwa kila zoezi, marudio 12 hadi 15, na uache ukiwa bado na uwezo wa marudio mawili au matatu. Usitafute rekodi. Hapa ndipo watu wanapojiharibia: Jumatano mtu anapiga skwati nzito "ili miguu ikatike". Msuli uliochanika hukusanya majimaji ya uvimbe kwa siku tatu nne, na huo huo hupokea glaikojeni polepole. Paja lililokuwa na mistari Jumapili linapanda jukwaani kama gunia.

Jumatano na Alhamisi ndizo za kujaza. Watu hutumia gramu 5 mpaka 8 kwa kila kilo ya mwili, wengine zaidi, lakini hujasema kama umewahi kulijaribu zoezi hili wiki mbili tatu kabla, kwa hiyo chukua 6, yaani kama gramu 460 kwa siku. Milo sita. Protini ishuke hadi 140, mafuta hadi 30, ili tumbo lipate nafasi. Usifanye mazoezi, tembea dakika ishirini na upige pozi. Ijumaa wanga 250, ili kilichoingia kitulie na tumbo lishuke.

Kundi: jiandikishe 80. Majaji hawaoni mizani, wanaona mwili. Mwenye 76 aliyejaa anawapiga wa 79 waliolainika.

---

Nesi_Bugarika

Naongezea kwenye Lasix tu, kwa sababu kocha ameipita haraka na hiyo ndiyo inayoua.

Lasix ni furosemidi. Ukimeza, ndani ya saa moja inaanza kazi na huendelea saa sita hadi nane. Inalazimisha figo kumwaga sodiamu, na pamoja nayo maji, potasiamu na magnesi. Potasiamu ndiyo inayosimamia umeme wa moyo. Ukiwa umeshakaukiwa, huna chumvi, umebakiza mafuta kidogo mwilini, halafu ukaimwaga potasiamu, moyo unaweza kupoteza mdundo wake ukiwa umekaza pozi kwenye ukumbi wenye joto. Hilo si jambo la kudhania. Mohammed Benaziza, aliyekuwa mmoja wa wakali wa dunia, alifariki mwaka 1992 muda mfupi baada ya kushinda mashindano Uholanzi, na dawa za kukojoza zilihusishwa na kifo chake.

Wapo wanaojiona wajanja, wanachanganya na spironolaktoni na vidonge vya potasiamu. Spironolaktoni yenyewe huizuia potasiamu isitoke, ukiongeza na vidonge inapanda kupita kiasi, na moyo unaweza kusimama kabisa. Hakuna mchanganyiko wa kujipangia dukani ulio salama.

Kitu kingine kisichosemwa: diklofenaki na ibuprofeni. Mtu anaumwa bega, anameza diklofenaki huku amefunga maji. Figo zisizopata damu ya kutosha zinaumizwa na dawa hizo. Wiki hii ziache.

Mtu wa jimu yako akishameza na mkaona moyo unaruka mapigo, kizunguzungu akisimama, misuli inakaza na haiachii, ganzi mdomoni au vidoleni, kuchanganyikiwa, au hajakojoa kwa saa nane, msimpe soda mkasubiri. Mpelekeni dharura, Bugando au Sekou Toure, na mwambieni daktari ukweli: jina la dawa, miligramu ngapi, saa ngapi. Mkificha, atapoteza muda kutafuta kitu ambacho nyinyi mnakijua.

---

Mizani_Kirumba

Namheshimu kocha, na kwenye maji na dawa niko naye. Kwenye kundi la uzito naona alifunga mlango mapema. Kwa kimo cha 171, 75 linamfaa huyu kijana, na kilo 1.8 zinaweza kuondoka bila kukauka.

Hesabu yake hii. Siku tatu za wanga mdogo na mazoezi ya mwili mzima humwaga glaikojeni gramu 250 hadi 300. Ukijumlisha maji yake, ni kilo moja na kidogo. Kuanzia Jumanne jioni toa vyakula vyote vya nyuzinyuzi: maharage, mboga za majani, dona, matunda yenye maganda. Kilichomo kwenye utumbo mpana kina uzito wake, na mpaka Ijumaa unaweza kupungua nusu kilo hadi moja kwa hilo pekee. Umefika.

Tatizo ni kwamba ukijaza Jumatano na Alhamisi kama alivyosema kocha, uzito wote unarudi kabla ya mizani. Kwa hiyo mwenye kutaka 75 hubaki kwenye gramu 200 hizo siku mbili, na kujaza kunaanza akishashuka kwenye mizani. Saa kumi na nusu jioni gramu 80, saa kumi na mbili na nusu 80, saa mbili na nusu usiku 80, saa nne 80. Lala. Saa moja asubuhi 70, saa nne asubuhi 60. Jumla 450, na maji lita mbili na nusu yakisambazwa humo. Msuli unaweza kupokea kiasi hicho kwa muda huo kama ulikuwa mtupu. Tumbo ndilo linaloleta kesi, kwa sababu ni wanga mwingi usiku mmoja, nawe hujasema kama umewahi kulijaribu.

Masharti yangu mawili. Ijumaa asubuhi mizani isome 75.5 au chini, maana mpaka saa kumi utapoteza gramu mia kadhaa kwa mkojo na pumzi ukila kidogo. Ikisoma 76, usianze kukimbia na makoti ya mvua kuzunguka uwanja wa Nyamagana. Panda 80 kwa amani. Pili, wapigie waandaaji leo uulize kama kubadilisha kundi pale mezani kunaruhusiwa. Kama hairuhusiwi, basi fuata ya kocha, kwa sababu ukikosa 75 kwa gramu mia tatu umekosa mashindano.

Na hakiki mizani yako. Pima maji lita 20 kwa chupa, uyatie kwenye ndoo. Panda mizani mikono mitupu, kisha panda ukiwa umebeba ndoo. Tofauti iwe kilo 20 pamoja na uzito wa ndoo tupu. Mizani ya jimu nyingi inadanganya kilo nzima, na mtu anagundua mbele ya meza ya waandaaji.

---

Mtunisha_Sengerema

Asanteni sana wakuu. Lasix imekufa leo. Nimepiga simu, kubadilisha kundi mezani hairuhusiwi, kwa hiyo najiandikisha 80 na nafuata mpango wa kocha.

Nimebaki na mawili. Chakula: huku kwetu ni ugali, samaki, michembe, viazi. Gramu 460 za wanga nazipanga vipi kwa vyakula hivi, na Ijumaa nikiwa gesti? Pili, watu wanasema nipake rangi. Mimi ni mweusi tayari, rangi ya nini?

---

Jiko_Mwaloni

Kaka, hilo la chakula nipe mimi.

Kanuni ya kwanza: wiki hii usile kitu ambacho tumbo lako halikijui. Ya pili: pima kikiwa kikavu. Mchele mkavu gramu 100 una wanga kama 80 siku zote. Ukishapikwa unakuwa gramu 280 au 300 kutegemea maji ya mpishi, ndiyo maana "sahani moja ya wali" si kipimo.

Jumapili hadi Jumanne ugali hauna neno, na dona ruksa. Michembe na matobolwa nayo kula siku hizo kidogo ukipenda, ni viazi vitamu vilivyokaushwa, vina wanga mwingi kwa uzito mdogo, kwa hiyo pima usije ukamaliza gramu zako 90 kwa kutafuna. Kuanzia Jumanne usiku viache, pamoja na dona, maharage, kabichi na maziwa. Nyuzinyuzi na gesi vinakaa kwenye kiuno, na kiuno ndicho kinachohukumiwa.

Jumatano na Alhamisi, kila siku: mchele mkavu gramu 350, hapo umepata 280. Viazi mviringo vilivyomenywa na kuchemshwa gramu 400, vinakupa kama 75. Slesi nne za mkate mweupe, kama 55. Asali vijiko viwili vya chakula, 34. Ndizi mbivu moja ndogo, 20. Umefika kwenye hesabu ya kocha. Usiache viazi ukala mchele mtupu, viazi vina potasiamu, na potasiamu ya chakula ndiyo inayosaidia maji yakae ndani ya msuli. Mkate una chumvi tayari: slesi nne zina zaidi ya gramu moja, kwa hiyo ipunguze kwenye kijiko chako cha siku badala ya kuiongeza juu yake.

Protini: minofu ya sangara gramu 400 ikiwa mbichi, hiyo ni protini karibu 78. Chukua nyama nene ya mgongoni, tumbo la sangara lina mafuta. Ongeza ute wa mayai manane na yai moja zima. Kinachobaki kinatoka kwenye mchele wenyewe. Sato ni mzuri pia, ila upime nyama baada ya kutoa miiba na kichwa, vinginevyo unahesabu nusu ya samaki usiyemla. Kayabo, yaani samaki aliyekaushwa kwa chumvi, usimguse, chumvi yake huijui na hata ukimloweka hujui imebaki kiasi gani. Supu ya mapanki, yaani vichwa na mifupa ya sangara, nayo ina mafuta ya kichwa, iache mpaka Jumapili. Chemsha au kausha kwenye kikaango kwa kijiko cha chai cha mafuta, ndimu na kitunguu swaumu kidogo.

Ijumaa: mchele gramu 200, viazi 300, asali vijiko viwili, samaki uleule. Hapo una wanga 250.

Gesti sasa, na hapa nakuomba unisikilize vizuri. Wali uliopoa ukakaa masaa kwenye joto la chumba huzalisha sumu ya bakteria ambayo hata ukipasha moto haiondoki. Unakula Ijumaa usiku, Jumamosi alfajiri unatapika na kuhara, na kazi ya miezi imekwisha. Kuna njia mbili. Ya kwanza, pika Ijumaa asubuhi kabla hujavuka daraja la Busisi, utandaze wali kwenye sinia upoe haraka, gawa kwenye vibakuli vyenye mifuniko, weka kwenye deli lenye barafu. Mwanza barafu haisumbui kupatikana, wauza samaki wanaishi nayo. Badilisha barafu usiku. Ya pili, tafuta mama lishe karibu na gesti, ongea naye mapema, mpelekee mchele wako umeshaupima, akupikie kwa maji tu bila mafuta wala chumvi, na akupe ukiwa wa moto. Mlipe vizuri. Usinunue wali wake wa kawaida, una mafuta na chumvi asiyoipima.

Jumamosi beba mkate, asali, viazi vilivyochemshwa Jumamosi asubuhi kwa mama lishe na mayai ya kuchemsha. Beba vya milo miwili zaidi ya unavyodhani, kwa sababu saa nane mchana iliyoandikwa inaweza kuwa saa mbili usiku.

---

Pozi_Mabatini

Rangi, ndugu yangu, siyo ya kukufanya mweusi. Ni ya kukufanya uwe na weusi mmoja. Ngozi yetu haina rangi moja: magoti na viwiko vimeiva, ndani ya mkono na ubavuni ni peupe zaidi, uso una rangi yake. Taa za jukwaani zinatoka mbele na juu, zikigonga ngozi yenye madoa jicho la jaji linaona madoa kabla ya msuli. Mikono miwili ya rangi inakutosha, mweupe anahitaji mitatu au minne.

Nyoa mwili Alhamisi, si Jumamosi, ili vipele vya wembe vitulie. Ijumaa usiku oga, jisugue na dodoki hasa magoti, viwiko na vifundo, jikaushe kabisa. Usipake losheni, usipake dawa ya kwapa, vyote vinafanya rangi ishike kwa mabaka. Paka mkono wa kwanza kwa sifongo, mwenzako akupake mgongo, kisha nawa viganja na katikati ya vidole mara moja. Lala na nguo ndefu nyeusi na shuka lako mwenyewe, la gesti utalilipia. Jumamosi asubuhi mkono wa pili. Kuanzia hapo usioge, kunywa kwa mrija, na ukienda msalani kuwa mwangalifu, tone moja la maji linachora mstari hadi kifundoni. Jasho likitoka ligonge taratibu kwa karatasi laini, usilifute. Kiwi ya viatu na michanganyiko ya mtaani usijaribu. Ni afadhali upande bila rangi.

Mafuta ya mwilini ni dakika kumi kabla ya kuitwa. Mafuta ya mtoto kijiko cha chai kimoja mbele, kimoja nyuma, yasambazwe mpaka yasionekane kama mafuta. Yakizidi, taa inarudi kwa jaji kama kioo na mistari yote inapotea.

Sasa pozi, kwa sababu humu ndani hakuna aliyezigusa na ndizo zinazopigiwa alama. Za lazima ni saba: biseps mbili mbele, mbawa mbele (mbawa ni misuli mipana ya mgongo), kifua ubavu, biseps mbili nyuma, mbawa nyuma, triseps ubavu, tumbo na mapaja. Kila moja ishikilie sekunde 15, sekunde tano za kubadilisha, mizunguko miwili, asubuhi na jioni mpaka Jumatano. Alhamisi mara moja. Ijumaa mara moja bila kukaza mpaka mwisho, maana pozi nazo zinakula glaikojeni. Fanya bila kioo na simu ikurekodi, jukwaani hakuna kioo.

Jenga kila pozi kuanzia chini. Chukua biseps mbili nyuma, ambayo wengi wanaipoteza. Mguu mmoja unarudi nyuma, unasimamia vidole, kisigino juu, kaza shavu la mguu kwanza. Halafu paja la nyuma na kalio. Ndipo mikono inapanda, viwiko juu kidogo ya mabega, ngumi zikitazamana na kichwa. Mwisho egemea nyuma kidogo sana, digrii chache tu, mwanga wa juu uingie kwenye mifereji ya mgongo. Anayeanza na mikono husahau mguu, na jaji wa pembeni anaangalia mguu huo huo. Kwenye tumbo na mapaja toa pumzi yote kwanza, ndipo ukaze. Ukikaza na pumzi ndani tumbo linatoka nje.

Na kusimama kwa kawaida wakati wenzako wanalinganishwa si kupumzika. Miguu imekazwa, mbawa zimefunguka kidogo, tumbo limeingia. Majaji wanaendelea kutazama.

Kujaza damu nyuma ya jukwaa: anza kundi lililo kabla ya lako linapoitwa, dakika 15 hadi 20. Mpira wa kuvuta, pushapu, kuinua mikono pembeni kwa uzito mwepesi. Mgongo kwanza, mabega, kifua, mikono mwisho. Acha kabla jasho halijaanza. Miguu na tumbo usivipampu, paja likijaa damu linakuwa laini na mistari inafifia.

---

Kocha_Nyakato

Vizuri sana, wote. Namalizia na Jumamosi asubuhi, kwa sababu hapo ndipo kuna maamuzi.

Amka saa kumi na mbili, jipige picha mbele, ubavu na nyuma, mahali palepale na mwanga uleule. Anza mazoea hayo Jumatano ili uwe na cha kulinganisha. Utajikuta katika hali moja kati ya tatu. Ukiwa umenywea, yaani ngozi imekaza lakini msuli hauna ujazo na biseps haitoki ukikunja, ongeza: mlo wa saa moja na wa saa nne uwe na wanga gramu 70 kila mmoja, na maji mililita 300 kwa kila mlo. Ukiwa umejaa na mistari ipo, usibuni kitu, gramu 40 hadi 50 kwa kila mlo, kila saa mbili na nusu. Ukiwa umemwagika, yaani mistari ya tumbo na mapaja imefifia kuliko Alhamisi, ujue uliingiza wanga kuliko ghala lilivyoweza kupokea. Hapo kula protini na wanga gramu 15 au 20 tu, tembea taratibu dakika ishirini, na usubiri. Dawa yake ni masaa, na kwa kuwa mashindano huchelewa, mara nyingi utayapata. Usikimbilie kufunga maji, utapoteza ujazo na ulaini ubaki palepale.

Maji siku hiyo: nusu lita ukiamka, kisha mililita 150 hadi 200 kwa kila mlo, na funda moja moja katikati. Unapunguza ili tumbo lisijae, huyakati. Dakika 40 kabla ya kupanda, slesi mbili za mkate na asali kijiko kimoja cha chakula, robo kijiko cha chai cha chumvi, na maji kama mililita 200. Hiyo chumvi inarudisha ujazo wa damu na inapunguza mikazo ya mashavu ya miguu wakati wa pozi. Ikitangazwa kuchelewa, slesi mbili na asali kila saa moja na nusu hadi mbili, kaa umeinua miguu juu ya begi, karibu na feni, na usisimame kuangalia makundi mengine. Ukisimama masaa matatu vifundo vinavimba na mashavu ya miguu yanapoteza umbo.

Ukishuka jukwaani, kunywa taratibu usiku ule na ule mlo wa kawaida wenye chumvi ya kawaida. Sangara na wali vitakuwepo Jumapili pia.

Tuma picha za Jumatano na Alhamisi hapa, za asubuhi, kabla hujala. Kama gramu 460 zimekuzidi tutaziona kwenye paja la Alhamisi na tutashusha Ijumaa hadi 180.